NAFAQA YA MTOTO: KUTOKA KWA HIND BINT UTBA MPAKA KARATASI YA SHEKHE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa ya leo ni ndefu kidogo. Nawaomba mvumilie mpaka mwisho, na akina baba msiikimbie katikati. Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2007 walinijia bwana mmoja na aliyekuwa mkewe. Talaka imeshapita, eda imekwisha, wana binti wa miaka miwili. Wamekubaliana mama amlee na baba amhudumie. Wakaniambia, shekhe tuandikie wewe tusije tukagombana. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwamba baba atatoa shilingi 30,000 kila mwezi kwa matumizi ya mtoto. Wakatia saini, mashahidi wawili wakatia saini, tukasoma Fatiha tukaagana. Usiku ule nililala vizuri, nikiona nimesuluhisha waja wa Allah.

Mwaka 2019 yule mama akarudi. Binti amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Anatakiwa sare, viatu, madaftari, ndoo, godoro. Baba siku hizo ana bodaboda tatu barabarani. Na haki isemwe, hakuacha kutuma hata mwezi mmoja: elfu thelathini ileile ya mwaka 2007. Nilipomwita alikuja na karatasi yangu ameitia ndani ya plastiki. Akaniambia kwa adabu kabisa: "Shekhe, mimi sijavunja kitu. Mwandiko huu ni wako."

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilifungua vitabu tena kama mwanafunzi, kuangalia wenzetu waliotutangulia waliipimaje nafaqa ya mtoto, waliibadilishaje hali zilipobadilika, na waliilazimishaje baba alipogoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

*1. MSINGI WA QUR'ANI*

Kwanza neno lenyewe. Wengi wakisikia nafaqa hukumbuka mahindi na mpunga. Nafaqa ni matumizi anayowajibika nayo mtu kwa wale walio chini yake: chakula, mavazi, makazi, na yote ambayo mtu hawezi kuishi bila ya hayo.

Aya mbili ndizo nguzo. Ya kwanza ni Suratul Baqara aya ya 233. Allah (S.W.) anazungumzia mama anayenyonyesha miaka miwili kamili, kisha anaweka juu ya baba riziki na mavazi yao kwa wema unaojulikana, yaani maaruf. Hapohapo anakataza nafsi kutwishwa zaidi ya uwezo wake, na anakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Ya pili ni Suratut Talaq, aya ya 6 na ya 7. Hapo anazungumzia walioachana: mwanamke akikunyonyeshea mtoto umlipe ujira wake, na mshauriane kwa wema. Mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika kile alichopewa na Allah.

Angalieni vizuri. Hakuna tarakimu katika aya hizo. Zaka ina tarakimu, mirathi ina mafungu, eda ina idadi. Nafaqa ya mtoto imeachwa kwenye mizani miwili: haja ya mtoto na uwezo wa baba. Na mizani hiyo yote miwili inapanda na kushuka. Mimi mwaka 2007 niliitia msumari.

*2. HIND BINT UTBA ANASHITAKI*

Mwaka wa 8 Hijria (630) Makka ilifunguliwa, na Hind bint Utba akasilimu. Mumewe ni Abu Sufyan, bwana mkubwa katika Maquraishi, tajiri wa misafara. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), Hind alimwendea Mtume (S.A.W.) akalalamika kwamba mumewe ni bakhili, hampi kinachomtosha yeye na watoto wake, isipokuwa akichukua katika mali yake bila ya yeye kujua. Je, ana makosa? Mtume (S.A.W.) akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na wanawe, kwa maaruf.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametoa faida nyingi katika hadithi hii. Mimi nachukua tatu.

Ya kwanza: kipimo ni kutosheka. Mtume (S.A.W.) hakumwambia chukua dirhamu kumi. Ya pili: maaruf ni mpaka wa pande zote mbili. Mama hakuruhusiwa kukomba mkoba wa mume akanunue pambo na kuliita matumizi ya mtoto. Ya tatu: nafaqa ni haki. Anayechukua haki ya mwanawe haitwi mwizi, na mwanamke anayeidai hadharani haitwi mkorofi. Hind alisema mbele ya Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe ni bakhili, na hakukemewa kwa hilo, kwa sababu alikuwa anadai haki.

Wanazuoni walihitilafiana kama ile ilikuwa hukumu ya mahakama au fatwa tu, na Nawawi akaona lililo sahihi zaidi ni fatwa. Liwekeni akilini jambo hili, tutalirudia. Fatwa inakuambia haki yako ni ipi. Kukushikia haki hiyo mpaka uipate ni kazi ya hakimu.

*3. SAYYIDNA UMAR ANABADILISHA AMRI YAKE ASUBUHI MOJA*

Zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) kulikuwa na daftari la serikali, diwani, lililoandika mgao wa kila mtu kutoka hazina. Mtoto alikuwa anaandikiwa fungu lake akishaachishwa ziwa.

Ibn Saad amesimulia kwamba usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina, na Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Awf (R.A.) kuwalinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama akamwambia amche Allah amtulize mwanawe. Akarudi, mtoto bado analia. Mara ya tatu, usiku unakwisha, akamuuliza kwa ukali mbona mwanao hatulii. Yule mama, asiyejua anazungumza na nani, akajibu kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar haandikii mtoto mpaka aachishwe.

Umar akasalisha Alfajiri huku kilio kimemzidi, watu hawasikii vizuri kisomo chake. Baada ya sala akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, kwani kuanzia siku ile kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ana fungu lake, na akawaandikia hivyo watu wa mikoa yote. Mtoto mchanga akawekewa dirhamu 100, na alipokua akiongezewa mpaka 200.

Fungu lile lilikuwa la hazina, halikuwa nafaqa ya baba, tusichanganye. Lakini mafunzo yake ni yetu. Kwanza, kiwango kilipanda mtoto alipokua. Pili, Amirul Muuminin, mwenye dola mkononi, alipoona amri yake inamdhuru mtoto, hakusema mwandiko ni mwandiko. Aliubadilisha kabla jua halijapanda. Na mimi imamu wa mtaa nilikaa miaka 12 sijauliza yule binti anakula nini!

Sayyidna Umar huyohuyo aliwaandikia makamanda wa majeshi kuhusu wanaume waliokaa mbali na wake zao: watoe nafaqa au watoe talaka, na atakayeacha alipe nafaqa ya muda wote aliomzuia mkewe. Agizo hili lilihusu wake. Ila tazameni njia aliyoitumia. Mwanamke hakuachwa afunge safari kumsaka mume jeshini. Serikali ndiyo iliyomfuata kule alikokuwa.

*4. KIBABA CHA MKE NA SHIBE YA MTOTO*

Baada ya hapo wakaja maimamu wa madhehebu. Ibn al-Mundhir amenukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba mtu anawajibika na nafaqa ya watoto wake wadogo wasio na mali. Hitilafu ilikuwa katika namna ya kupima na namna ya kulazimisha.

Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na Minhaj ya Imam Nawawi ni kitabu cha darsa zetu. Humo nafaqa ya mke imepimwa kwa mudd, ambayo wazee wetu waliijua kwa kibaba, kwani pishi moja ni vibaba vinne. Mume tajiri anatoa vibaba viwili kwa siku, wa kati kimoja na nusu, fukara kimoja. Lakini mtoto hakupimiwa vibaba. Yeye ni kwa kifaya, yaani kinachomtosha. Sababu iko wazi: mtoto wa miaka miwili si sawa na wa miaka kumi na minne, na mgonjwa si sawa na mzima.

Vilevile wamesema baba mwenye nguvu za kufanya kazi analazimika kufanya kazi ili amlishe mwanawe. Kwa hiyo neno "sina kazi" halimwokoi mwenye mikono miwili anayeshinda kwenye bao. Na mtoto mwenye mali yake, mathalani aliyerithi, hutumiwa kwa mali yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni nukta ambayo akina mama wengi hawaijui. Nafaqa ya mke isipotolewa inabaki kuwa deni mpaka ilipwe. Nafaqa ya mtoto, katika madhehebu yetu, siku ikipita imepita. Haigeuki deni, isipokuwa kadhi awe ameifaradhisha, au awe ametoa idhini ikopwe kwa dhima ya baba aliyegoma au aliye mbali. Hoja yao ni kwamba nafaqa ya jamaa ni ya kuondoa haja, na haja ya jana imeshapita na jana yake.

Mwenye kuwaacha wategemezi wake amepata dhambi ya kumtosha, kama lilivyokuja katika hadithi. Dhambi haifutiki kwa kupita siku. Lakini mbele ya kadhi, mama aliyenyamaza miaka mitano akisema namwachia Mungu, huenda asipate kitu kwa miaka hiyo.

Kwa sababu hiyo mahakama za Kiislamu zilijenga utaratibu. Katika madaftari ya makadhi wa dola ya Uthmaniya, katika miji kama Damascus na Nablus, utakuta mara kwa mara mama au mlezi anakuja mahakamani, kadhi anakadiria kiasi cha fedha kwa siku cha chakula na mavazi ya mtoto, kisha anamruhusu akope kwa jina la baba. Baba akirudi safari anakuta deni limemngoja, lina tarehe na mashahidi.

Na Mahanafi wana hukumu moja ya kuzingatia. Kwao baba hafungwi kwa deni analodaiwa na mwanawe, kwa heshima ya ubaba. Wametoa tofauti moja tu: akigoma kumlisha mtoto wake mdogo, anafungwa. Deni linaweza kungoja, njaa haingoji.

*5. MISRI: KUPITA KWA SIKU KUNAACHA KUMFAIDISHA BABA*

Nawapeleka Misri kwa sababu kule ndiko ile nukta ya siku kupita ilipobadilishwa kwa sheria iliyoandikwa, na wanazuoni wa nchi ya Azhar wakishiriki mjadala.

Mahakama zao zilifuata madhehebu ya Hanafi, ambayo hata nafaqa ya mke haikuwa deni mpaka kuwe na hukumu au makubaliano. Sheria namba 25 ya 1920 ikachukua rai ya madhehebu mengine: nafaqa ya mke ni deni tangu siku mume alipogoma, iwe kuna hukumu au hakuna. Mwaka 1985, kwa sheria namba 100, ikawekwa wazi kwamba nafaqa ya watoto nayo inastahiki tangu siku baba alipokataa kutoa. Kisha mwaka 2004 ukaundwa mfuko wa bima ya familia chini ya benki ya serikali iitwayo Nasser. Mama mwenye hukumu analipwa na mfuko, kisha benki ndiyo inayomwandama baba.

Mnaona mfululizo huo? Sayyidna Umar alimfuata mume jeshini, kadhi wa Nablus akatoa idhini ya kukopa, Misri ikaweka mfuko. Njia ni tofauti, kusudio ni moja: ugomvi wa wazazi usikae juu ya sahani ya mtoto.

*6. NYUMBANI KWETU*

Zanzibar makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi walihukumu mambo ya ndoa na nafaqa tangu enzi za masultani, na Mahakama ya Kadhi ipo mpaka leo, chini ya sheria iliyofanywa upya mwaka 2017. Kenya nayo Mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 170. Tanganyika, wakati wa Muingereza, kulikuwa na mahakama za maliwali na makadhi katika miji ya pwani, lakini mfumo mmoja wa mahakama uliowekwa na sheria ya 1963 ukaziondoa. Kwa hiyo sisi wa bara, shekhe wako anaweza kukusuluhisha na kukupa fatwa. Hawezi kumlazimisha mtu.

Wapo watakaosema basi tukae bila chochote. Hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, imeweka juu ya baba wajibu wa kumpa mtoto makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo na hali yake, awe anaishi naye au analelewa na mwingine. Haya hayapingani na aya mbili nilizotaja mwanzo.

Kuna funzo jingine hapa. Ile sheria ya mkoloni ya mwaka 1949, iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Hukumu za nasabu ya watoto hao kwetu zina darsa yake, leo siingii huko. Nataka muitazame ile tarakimu tu. Mwaka 1949 shilingi mia ilikuwa fedha. Thamani ya shilingi ikaporomoka, bei zikapanda, na ile mia ikabaki kitabuni mpaka ikawa haifiki hata bei ya mkate. Iliondolewa na Sheria ya Mtoto namba 21 ya 2009. Nilipolijua hilo niliikumbuka karatasi yangu. Kosa ni lilelile, kuandika namba bila kuandika njia ya kuibadilisha.

Sheria ya 2009 haikutaja namba. Inaitaka mahakama itazame kipato na mali ya wazazi wote wawili, udhaifu wowote unaomzuia mzazi kuchuma, watoto wengine anaowahudumia, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Amri inaweza kubadilishwa hali ikibadilika, na inaweza kuendelea baada ya miaka 18 ikiwa kijana bado anasoma.

*7. NAMNA NINAVYOANDIKA SASA*

Yule baba wa bodaboda tulikaa naye na wazee watatu. Nilimsomea kisa cha Sayyidna Umar, akainama. Alikubali kuanzia mwezi ule kubeba ada na mahitaji ya shule, na kuongeza matumizi ya kila mwezi. Mama aliuliza kuhusu miaka iliyopita, ambayo alikuwa akiuza vitumbua alfajiri ili kujazia. Nikamwambia ukweli: karatasi yangu haikuwa hukumu ya kadhi, na kwa fiqhi ninayoisomesha, siwezi kuifanya miaka ile kuwa deni. Akanyamaza. Akafunga kanga yake akaondoka. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo, na Allah ndiye anayejua nitamjibu nini.

Tangu siku hiyo, mtu akinijia kuandikiwa nafaqa ya mtoto, nafanya hivi:

- Naandika mahitaji kwanza, fedha baadaye: chakula, kodi, mavazi ya mwaka, matibabu, shule na madrasa, kila kimoja na bei yake ya leo.
- Namuuliza baba kipato chake mbele ya mashahidi, na wangapi wengine anaowahudumia. Mke mpya na watoto wake nao wana haki, ila hawafuti haki ya wa kwanza.
- Naandika tarehe ya kukutana tena kila mwaka, na kila mtoto anapobadilisha ngazi ya shule. Baba naye akiugua au biashara ikifa ana ruhusa ya kuja kuomba apunguziwe. Kukimbia hana ruhusa.
- Fedha zipite kwenye simu au benki, ibaki kumbukumbu. Hii inamlinda baba pia, asije akadaiwa alichokwisha kutoa.
- Nawapeleka ustawi wa jamii, na ikibidi Mahakama ya Watoto, ili makubaliano yapate nguvu. Aliyeko Zanzibar aende kwa kadhi.

Na kwenu akina mama: msingoje miaka. Kudai chakula cha mtoto hakuvunji subira. Wala msimfiche mtoto kwa kuwa baba amechelewesha fedha, kwani aya imekataza kumdhuru baba kupitia mwanawe. Na kwenu akina baba: talaka inamtoa mke kwenye ndoa, haimtoi mtoto kwenye nasaba. Kama unatuma kilekile ulichotuma miaka kumi iliyopita, usijifiche nyuma ya karatasi ya shekhe. Nenda sokoni leo ukaulize bei ya unga.

Nyinyi mashekhe wenzangu, kila mmoja afungue daftari lake. Mnazo karatasi kama yangu. Ziiteni zirudi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyaandika kwa kutojua. Walishe watoto wetu halali, uwalainishe nyoyo baba zao, na uwape mama zao nguvu. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Ukiona ina manufaa mpelekee baba mmoja na mama mmoja. Usiitumie kumsema mtu.